Mstari Kati ya Baba na Mama

Kila nakala ya rangi ilitoka na mstari mweupe kati ya baba na mama. Fundi alishapangusa kioo cha mashine, akabadilisha na wino, lakini wapi.

"Dada, hebu jaribu picha nyingine."

Nikaweka kalenda ya ofisi. Ikatoka safi kabisa.

"Basi mashine imesingiziwa," akasema fundi.

Nikapitisha ukucha juu ya picha yenyewe, ya harusi ya wazazi wangu. Ukakwama katikati. Vilikuwa vipande viwili, vimebandikwa kwa ustadi juu ya kadibodi.

"Mama, nani aliichana?"

Mama, aliyekuwa akisubiri kwenye kiti cha wageni, hakuinua macho. "Kuchana nilichana mimi. Habari ya gundi, kamuulize baba yako."

Fundi akakohoa. "Mstari naweza kuufuta kwenye kompyuta, mama."

"Uache, mwanangu. Mzee atautafuta."