Laini Saba

Saa mbili kamili asubuhi modemu ilipiga mluzi, na Mama Modemu akakaa sawa, akanyoosha vidole juu ya kibodi, tayari kuwa kompyuta.

KITUO CHA KWANZA, kioo kikaandika, herufi moja moja. MICHE 4,210.

Akahesabu kimoyomoyo hadi tatu, maana kompyuta yenyewe ilikuwa na kawaida ya kufikiri kidogo, kisha akaandika: IMEPOKELEWA. Laini ikakatika. Akanakili idadi daftarini, akasubiri mluzi wa pili.

Kompyuta ya kweli ilikuwa nyuma yake, kubwa kama kabati la nguo, kimya mwaka wa pili sasa. Fundi aliifungua, akatikisa kichwa, akasema kipuri chake hakitengenezwi tena popote. Bosi hakutaka kusikia habari za kompyuta mpya. Alichosema ni kwamba vitalu vya miche vipo kwa sababu vinaleta hesabu. Siku hesabu zikikoma, atavifunga vyote saba, na makarani wake waende makwao.

Makarani saba. Mama Modemu hakuwahi kumtia machoni hata mmoja wao. Aliwajua kwa namba za vituo tu, lakini watu saba ni watu saba, na bila shaka kila mmoja alikuwa na mdomo wa kulisha nyumbani. Siku ile ile akachomoa waya wa modemu kwenye kompyuta, akauchomeka kwenye teminali ya mezani pake, vile kibodi na kioo alivyozoea kuiamrishia kompyuta. Kesho yake simu zilipoingia, akajibu mwenyewe.

Tangu hapo hakuugua wala hakwenda likizo. Hata msiba wa shangazi yake aliufikia mchana, watu wanatoka makaburini, na akasemwa sana.

Jambo moja lilimfariji. Zamani makarani walikuwa wakigongana: wawili wanapiga kwa pamoja, mmoja anakuta laini ina mtu, basi hapo malalamiko mpaka kwa bosi. Tangu mwaka jana walipokezana kwa adabu, mmoja akitoka ndipo mwenzake anaingia. Utu uzima dawa, aliwaza.

Ila macho yalikuwa yanamwishia. Binti yake alimwambia wazi kwamba amejitwika mzigo usio wake, na kwamba hao makarani wala hawajui kama yuko duniani. Mama Modemu hakubisha. Alikuwa na ule uchovu ambao usingizi hauutoi. Barua ya kustaafu ilipofika, akaamua kuwaendea mmoja mmoja, ana kwa ana, awaambie ukweli mapema ili wajue pa kushika. Ataanza na wa Kituo cha Kwanza, aliye karibu kuliko wote.

Siku hiyo akasubiri mluzi wa saba uishe, akafunga chumba, akapanda basi.

Kituo kilikuwa chumba kimoja cha matofali, bati limeshika kutu. Nje, matuta ya miche yalikuwa yameota majani yakafika magotini. Roho ikamuuma, kumbe na huku hali ilikuwa ngumu. Ndani alimkuta karani, mzee kumzidi yeye, shati limenyooshwa pasi, miwani imefungwa kwa uzi. Mezani palikuwa na simu, modemu, kioo na kibodi kilichofutika herufi.

Mama Modemu akamwamkia, akajitambulisha kwamba ametoka makao makuu, amekuja kwa habari ya kompyuta.

Mzee akamsogezea kiti. Yeye mwenyewe akabaki amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mama Modemu akavuta pumzi aanze yale aliyoyapanga njia nzima, lakini mwenzake akamtangulia.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Kama kuna adhabu, naomba iwe yangu peke yangu. Wenzangu sita waliondoka mwaka jana, kila mtu na njia yake. Miche yenyewe ilishakauka. Simu zote saba napiga mimi."

Mama Modemu akaitazama ile simu moja mezani.

"Mwanangu ananiita nikakae kwake, namwambia ngoja kwanza," mzee akaendelea, sauti imeshuka. "Najua kompyuta yenu ilikufa zamani, maana kompyuta haikosei herufi. Kuna mtu kule anajibu kwa mkono, kila siku ya Mungu, hakosi. Nikaona nikiacha kupiga, mtamfukuza."