Kipande cha Pili

Fundi Hamdu alifunua boneti ya gari lililokaa uani miezi minne bila kuwashwa, akacheka. "Mzee Shaame, humu una wapangaji."

Panya walikuwa wamejenga kiota kando ya betri. Mama yao alikimbia, vikabaki vitoto sita ambavyo macho yao hayajafunguka.

Shaame aliangalia walichotandikiwa: vipande vya kanga ya zambarau, pindo jeusi. Marehemu mkewe aliacha doti moja ya kanga hiyo. Kipande kimoja kilikuwa sandukuni. Cha pili kilipotea kwenye kamba siku ambayo jirani yake, Bi Mize, alikuja kumfulia. Shaame alimwapisha kwa msahafu mbele ya majirani. Bi Mize aliapa bila kutetereka, na Shaame akasema, wote wakisikia, "Mwizi haogopi kiapo." Tangu hapo hakuna aliyempa nguo za kufua.

"Si ile kanga hii?" fundi aliuliza.

"Funga boneti, Hamdu."

"Nifunge?" Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu. "Mke wangu naye alimnyima kazi, mzee. Kwa neno lako. Sifungi."

Shaame alichomoa kipande kilichobaki na pindo, kidogo kama kiganja, kinanuka mkojo wa panya. Nyuma ya ua wa makuti Bi Mize alikuwa akimimina maji ndooni. Shaame alisogea mpaka kwenye makuti.

"Hodi," alisema.

Maji yaliacha kumiminika.