Mkono wa Kushoto

Shaweji alikuwa ameshatembezwa mnarani na kwenye jumba la wafalme, mkataba umeshatiwa saini, na sasa wenyeji wake walikuwa wamemgeuzia kichwa cha samaki, heshima ya mgeni katika mji ule wa mbali. Ndipo dada yake alipopiga simu kutoka nyumbani.

"Kaka, mama ametutoka alfajiri. Wanaume wameshaondoka na jeneza. Tusingeweza kukungoja."

"Mmefanya vyema," alisema, akakata simu.

"Nyumbani hawajambo?" mwenyeji aliuliza.

"Hawajambo."

Aliinuka, akaenda hadi kwenye chungu kikubwa cha maua karibu na mlango. Akachota udongo kwa mkono wa kulia, akaumwaga polepole mle mle chunguni. Akafanya hivyo mara tatu, kama mtoto afanyavyo kwenye kaburi la mzazi wake.

"Samaki anapoa, bwana," mwenyeji alimwita.

Mhudumu alimletea kitambaa cha moto cha kufutia mikono. Shaweji akatikisa kichwa. Mkono wa kulia aliuweka pajani, umefumbata udongo uliosalia, akaanza kula kwa wa kushoto, ule ambao utotoni mama yake aliupiga kofi kila ulipogusa chakula.