Gunia la Udongo

Gunia lilikuwa tupu.

Kunzes alilikung'uta tena. Udongo ule aliuchimba kabla ya baridi, aje aumwage juu ya theluji ya shamba. Weusi wake huvuta jua, na theluji huyeyuka majuma mawili mapema. Mwaka huu alikwisha kuumwaga mara mbili, na mara mbili theluji mpya ikaufunika. Lilibaki gunia hili moja, na miche ya kabichi dirishani ilikuwa imejaza makopo mizizi.

"Mama, udongo wangu uko wapi?"

"Si huu hapa," mama mkwe alijibu kwa fahari, akilipapasa jiko. "Moshi ulikuwa unaniua macho, nikalikandika. Ungekuwa unga ningekuomba."

"Nje kote kumeganda. Nitachimba wapi mwingine?"

"Ngoja jua, mwanangu. Wenzio wanangoja."

Kunzes aliitazama miche. Mmoja ulikuwa umepinda, jani lake limegandia kwenye kioo.

Akaligusa jiko. Udongo ulikuwa bado mbichi, na alama za vidole vya mama mkwe zilionekana zote kumi.

"Sogea kidogo, Mama," alisema, akanyoosha mkono kulichukua jembe.