Manyanga ya Fundi Saa

Kengele ingemuumbua mchana kweupe, sembuse njuga. Fundi saa, ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka hadi akafunga kibanda chake cha saa, alipekua kapu la ala za kwaya, akachagua manyanga madogo kuliko yote.

"Ubeti wa tatu tunanyamaza wote," mwalimu wa kwaya alionya. "Hesabu nne, ndipo tuingie."

Wakaimba. Ubeti wa tatu ukafika, kimya kikatanda. Ndani ya kimya kile mbegu za manyanga yake zikaendelea, cha-cha-cha-cha, kama saa iliyokosa fundi.

Akayabana manyanga kifuani; yakazidi kupayuka. Kwaya nzima ikamgeukia. Laiti ardhi ingepasuka immeze!

"Samahani, Mwalimu. Si mimi, ni mikono hii."

Mwalimu aliinua kayamba lake, akalitikisa polepole, akiifuata mikono ile.

"Babu, usituache nyuma," akasema muuza maziwa aliyeketi kando, naye akafuata. Kisha wote.

Wimbo ulipokwisha, Mwalimu alichukua kalamu, akakata neno "kimya" kwenye ubeti wa tatu daftarini. Juu yake akaandika: "Fundi."

Fundi alitaka kushukuru. Akaiachia mikono iseme.