Utepe wa Wodi Mpya

Mbele ya wodi mpya ya wazazi, mgeni rasmi akitazama, meneja wa mradi, Bwana Kihwelo, alimkabidhi Bi. Somoe mkasi. "Mama, wewe ndiye mwakilishi wa walengwa. Kata utepe, tuukabidhi mradi."

Bi. Somoe hakukata. "Baba, jengo hili lilikamilika lini?"

"Kabla ya muda uliopangwa, mama," alijibu kwa fahari. "Na ndani ya bajeti."

"Mbona mwezi uliopita lilikuwa na kufuli, binti yangu Sharifa aliposhikwa na uchungu?"

Watu wote pale walijua kwamba Sharifa alifia kwenye baraza ya wodi hiyo hiyo, akisubiri gari la kumpeleka hospitali ya mbali.

Kihwelo alishusha sauti. "Ratiba ilitaka mgeni rasmi aje kwanza, mama. Bila makabidhiano, hatukuruhusiwa kufungua."

Bi. Somoe alimrudishia mkasi, akainama, akapita chini ya utepe, akaingia. Vitanda vyote vilikuwa bado vimefunikwa nailoni. Alikiendea cha kwanza, akaanza kuichana nailoni kwa kucha, taratibu. Nje, mgeni rasmi alibaki ameinua mikono, tayari kupiga makofi.