Jeneza la Baba Limewahi

Siku hizi wafu hawazikwi, wanarushwa angani waizunguke dunia. Jeneza la baba hupita juu ya paa letu kila Jumamosi jioni. Mama hulipungia mkono, nami hunasa mlio wake kwa antena ya waya wa kuanikia nguo.

Jana liliwahi. Kuwahi maana yake limesogea chini na kuongeza mwendo, na maiti hawashi injini. Nikaipigia kampuni simu.

"Tumelishusha kidogo, dada," kijana akajibu huku akitafuna. "La familia moja Songea limeanguka likaungua. Inabidi hilo lipite na kwao."

"Baba yangu mnamgawa kama pilau la msibani?"

"Kwani la kwenu si liliungua mwaka juzi? Hilo mnaloliona ni la watu wengine, tuliwaazima."

Mama akanishika bega, uso umemchangamka.

"Waambie wamwache hapo hapo chini," akasema. "Leo nimemwona vizuri."